Harambee ya Kuwachongea Majina Vijana wa Ziwa Waliokufa Vitani

Wazee wetu, akina mama wa omena, vijana wa nyavu, nanyi mliozaliwa huku mkahamia Nakuru, Nairobi na ng'ambo: tunajenga mnara wa kumbukumbu hapa bichini Kisumu, kando ya banda la mnada wa samaki. Tunawaomba mkono.

Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 viliwatoa vijana wengi Nyanza. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwakusanya kwa nguvu, ikawatwisha unga, risasi na majeruhi hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, walikufa wapagazi wa upande wao wapatao 95,000, si wa Nyanza peke yake, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Nairobi kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1928, unaowasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Uzunguke wote, hutakuta jina la mpagazi hata mmoja.

Kisha vikaja vita vya pili. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa baharini na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wakiwemo wanajeshi wengi wa Afrika Mashariki.

Sisi Waluo, mtu akipotea na mwili usionekane, tunazika tunda la yago, yaani la mwegea, mahali pake. Wavuvi wanalijua hilo vizuri mno. Kuna boma hapa kwetu ambapo yago lilizikwa kwa ajili ya kijana wa Kariako, kile kikosi cha wapagazi, na leo pale panalimwa mahindi. Anayejua mahali penyewe ni nyanya mmoja tu. Hao akina nyanya ndio daftari letu, na kila mwaka tunawazika. Ndiyo maana hatuwezi kungoja serikali.

Tumeamua jiwe liwe graniti. Jiwe la sabuni la Tabaka kule Kisii ni rahisi kuchonga na bei yake ni nafuu, lakini ni laini: mtoto akilikwaruza kwa msumari, jina la babu limekwenda. Graniti ni ghali, na fundi anatoza kwa herufi. Kwa hiyo hata shilingi 50 yako ina mahali pa kukaa.

Kabla ya pesa, leteni majina: la marehemu, la babake, na la boma. Muulizeni nyanya wiki hii.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mnada wa asubuhi ukishaisha. Asiye na pesa alete saruji, kokoto, au kuku wa kupigwa mnada. Walio mbali watume kwa M-Pesa kupitia mweka hazina wa kamati. Kila mchango utaandikwa kitabuni na kusomwa mbele ya watu. Wageni mtalala majumbani mwetu, ila tuarifuni mapema tujue idadi ya samaki.