Si shimo, Kaka, ni chumba cha Mama

Minneapolis, 14 Desemba 2025

Kaka Rashidi, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, wifi na watoto, na Shangazi hapo Pongwe. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi imeshika, saa kumi na nusu jioni jua linazama.

Nimeona nikuandikie barua badala ya kukupigia, maana kwenye simu tutaishia kukatana maneno. Lile neno ulilolitupa kwenye grupu la familia lina wiki mbili sasa, bado halijanitoka rohoni. "Mwenzetu anapamba shimo, huku nyumba ya Baba inavuja." Umeliandika mbele ya Ba' Mdogo, mbele ya watoto tuliowalea wenyewe. Hata Mwanaidi, aliyekaa kimya mwaka mzima, siku hiyo akapata la kusema.

Picha ya taa mpya nilizofunga chini ya nyumba niliiweka mwenyewe, tena kwa furaha. Lakini pale si shimo. Nyumba za huku karibu zote zina chumba kizima chini, ukubwa sawa na nyumba yenyewe juu. Ndiko tunakofulia, ndiko watoto wanakocheza baridi ikizidi, na ndiko Mama alikokuwa akishinda mwaka jana, kwa sababu shemeji yako anarudi zamu asubuhi na analala mchana. Nyumba hii ni ya miaka ya 1950. Kule chini kulikuwa na balbu mbili tu, moja kwenye ngazi na moja katikati.

Mama alikuja na miyaa yake ya kusukia mikeka, unakumbuka ulivyomsaidia kuifunga. Akawa anasuka ukili pale chini, chini ya ile balbu. Siku moja nikamkuta kautandaza ukili magotini, anaupapasa kwa kidole. Alikuwa amechanganya zambarau na nyeusi. Kipande cha kama pima nzima rangi zimeruka, na ukingo umepinda. Akaniambia, "Macho yangu yamekwisha, mwanangu." Akakunja, akaweka mkobani, hakusuka tena mpaka anaondoka mwezi wa nne, na ukili akauacha hapa. Aliporudi ukampeleka kupimwa, na wewe mwenyewe ukanipigia kusema daktari kaona ni umri tu, miwani itatosha. Basi siku ile ndipo nilipojua kwamba kilichomshinda Mama ni kiza cha nyumba yangu. Nililia, Kaka.

Sasa hizo hela. Fundi wa kwanza alitaka dola 225 kwa kila taa, taa 12, yaani dola 2,700, na kuziba jipsam ya dari kwa gharama yangu. Wa pili akasema nikinunua taa mwenyewe atanitoza 150 kwa pointi, yaani kila mahali pa taa. Nikakubali. Hapo ni 1,800. Boksi la taa zote 12 dola 150, swichi mbili za kupunguza na kuongeza mwanga 60, kibali cha manispaa 90, kuziba na kupaka rangi dari 300. Jumla 2,400, kwa hela ya nyumbani karibu milioni sita. Angalia basi: taa yenyewe haifiki hata dola 13, kinachokula ni mkono wa fundi. Najua Fundi Saidi angefunga nyumba nzima, mpaka na chai akanywa, kwa bei ya pointi tatu za huku. Nilimkumbuka sana.

Usiseme kwa nini sikuning'iniza taa za kawaida. Dari ya chini iko futi saba tu, na shemeji yako unamjua urefu wake. Hizi zinakaa ndani ya dari, nyembamba kama sahani, hata panapopita mabomba ya hewa ya moto zinaingia. Kazi iko kwenye waya. Dari ilikuwa imeshafunikwa, kwa hiyo fundi anakata tundu kwa msumeno wa duara, halafu anatoboa kila boriti ya mbao kupitisha waya, na tundu halitakiwi kuzidi theluthi ya kimo cha boriti, nyumba isije ikalegea. Mkaguzi wa manispaa akaja na tochi yake, akachungulia tundu moja moja, akafungua mpaka boksi la swichi. Amepitisha siku hiyo hiyo, hakurudisha kitu! Jirani yangu Mmarekani, mwenye nyumba miaka 20, alirudishwa mara mbili.

Wala hazichezei umeme. Kila taa wati 12, zote pamoja 144, hazifiki balbu mbili za zamani za wati 75. Na ina kitufe cha kuchagua rangi ya mwanga. Nimeuweka mweupe kama wa mchana, nikachukua ule ukili wa Mama nikakaa nao kule chini. Zambarau inaonekana zambarau, Kaka. Nyeusi inaonekana nyeusi.

Hela nilizipataje, hayo tuyaache. Niliongeza zamu.

Kuhusu bati, sikukataa kamwe. Nilichokataa ni kutuma kama nilivyotuma za choo, unajua zilivyoishia. Safari hii nimemtumia Shangazi milioni moja na nusu, atalipa dukani mwenyewe, bati geji 28, zianze upande wa chumba cha Baba. Nyingine mwezi wa pili. Usikasirike na usimnunie Shangazi, mimi ndiye niliyemwomba. Nataka nikirudi nikae ukumbini kwa Baba mvua inapiga juu na hakuna anayesogeza ndoo. Naiota sauti hiyo. Huku theluji inaanguka kimya, unaamka tu umeikuta.

Na lile neno, ulifute mwenyewe pale pale ulipoliandika. Sitaki unitetee kwa maneno mengi, ulifute tu.

Jumamosi baada ya magharibi mpe Mama simu, nimwonyeshe chumba chake. Asiambiwe bei. Mwambie viza ikitoka aje na miyaa ya zambarau ya kutosha, huku haipatikani. Ukili wake uliopinda ninao, sijaufumua. Nangoja aje aufumue mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura