Muhogo stahimilivu si muhogo usiougua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno "kinzani", ambalo hutumika ovyo kila zinapotajwa mbegu mpya za muhogo. Mkulima akilisikia huelewa kwamba ugonjwa hauingii, kumbe nyingi kati ya mbegu hizo ni stahimilivu tu: virusi huingia na kukaa ndani ya mmea, nao mmea huendelea kuzaa.

Tofauti hiyo niliiona kwa kisu. Hapa Muheza nilipewa pingili kutoka shamba lililopendeza, hata kisamvu tulichuma, lakini nilipovuna na kuumenya muhogo wa kwanza nilikuta ndani mabaka ya kahawia, makavu na magumu, na debe zima likaishia jalalani. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoletwa na virusi. Laiti ningeinama nikatazama majani ya chini, yale yaliyokomaa, ningeuona umanjano ukifuata mishipa yake. Mimi nilitazama ya juu, ambayo mara nyingi hubaki safi.

Si kwamba mmea hukaa tu ukingoja kufa. Seli yake ikikuta nakala za ujumbe wa virusi huzikatakata vipande vidogo mno, kisha huvitumia vipande hivyohivyo kama kielelezo cha kusaka nakala nyingine na kuziharibu. Ndiyo maana muhogo wenye batobato, ugonjwa mwingine wa virusi unaotia majani madoa na kuyakunja, pengine huanza na majani yaliyojikunja, halafu ukachipua mengine mazima. Virusi navyo havikulala, kwani vina protini za kuzuia kazi hiyo, na aina mbili za virusi vya batobato zikikutana katika shina moja, kila moja ikizuia hatua tofauti ya kinga hiyo, mmea huelemewa kabisa. Janga la batobato kali lililoikumba Uganda katika miaka ya 1990 lilionyesha hasara ya mkutano huo.

Kujua haya hakukuanza jana. Ugonjwa wa michirizi ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, milimani juu yetu hapa, na huko ndiko muhogo ulikochanganywa na jamaa yake wa porini, mti wa mpira wa Ceara, ili kupata kinga. Mbegu ya Namikonga, ambayo wenzetu wa Kenya huiita Kaleso, ni tunda la kazi hiyo, na hata yenyewe hupunguza virusi tu, haivizuii visiingie.

Hapo ndipo penye hatari. Mmea unaovumilia ugonjwa huuficha pia. Mwenye shamba haung'oi, nzi weupe hufyonza utomvu wake na kuhamia shamba la pili na virusi, na pingili zake hupakiwa kwenye baiskeli kwenda kijiji kingine kwa sifa ya kuwa mbegu bora. Kiangazi nacho hutuchanganya kwa namna nyingine, maana muhogo uliopukutisha majani ili usipoteze maji huonekana mgonjwa hali ni mzima.

Basi gazeti lako linapotangaza mbegu, litaje ni stahimilivu au kinzani, kwa ugonjwa upi, na pingili zilikaguliwa lini. Maafisa ugani nao wapite shambani kabla ya pingili kukatwa, waanze na majani ya chini.

Mkulima wa muhogo,
Muheza, Tanga