Wale si shakwe, na wasikurupushwe kwa ajili ya picha

Mhariri,

Salamu kutoka Mambrui. Mwezi uliopita mlichapa picha ya ndege wa mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, kundi kubwa likiwa hewani, na chini yake mkaandika kwamba ni shakwe. Wale si shakwe, ni vitwitwi. Tena kwa ule mstari mweupe wa bawa, kile kiuno cheupe juu ya mkia na mdomo uliopinda kama ncha ya sindano ya magunia, naweza kusema ni kitwitwi yupi: yule ambaye kwa Kiingereza huitwa Curlew Sandpiper.

Kosa la jina ningeliacha lipite, maana hata hapa kwetu kila kindege kinachochokora matope huitwa kitwitwi, basi. Lililonifanya nishike kalamu ni namna picha yenyewe ilivyopatikana. Kundi zima likiruka wakati maji yamejaa, ama kipanga amepita ama mtu amewakurupusha, na pembeni mwa picha yenu inaonekana mikono ya mtu iliyoinuliwa.

Mimi ni mama wa makamo, kazi yangu ni cherehani. Baba alikuwa mvuvi wa kamba, akitupa kimia pale pale mto unapokutana na bahari, nami nikimfuata na kikapu. Alikuwa na majina mawili tu: sulule, yule mkubwa mwenye mdomo mrefu ulioinama, na kitwitwi, wengine wote. Lakini saa zao alizijua. Akifika ufuoni, kabla ya kutazama maji alitazama kwanza vitwitwi wako wapi.

Darubini yangu niliachiwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Jicho lake moja limeingia ukungu, kwa hiyo natumia lile zima. Simu naifunga hapo kwa kipande cha raba nilichokata kwenye ndara kuukuu, nikatoboa tundu la kamera kwa msumari wa moto. Kwa vifaa hivyo nina picha za vitwitwi wa misimu mitano, na kila moja nimeiandikia tarehe.

Tarehe ndiyo kila kitu. Hao wenye mdomo uliopinda huzaliana Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, kwenye tundra, zile nyanda za baridi zisizo na miti, ambako kiangazi chao ni cha wiki chache tu, Juni na Julai. Kutoka huko hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 8,000, na ndege mwenyewe ana gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku. Mwezi wa Agosti wazazi huanza kuingia, vifua vingali na mabaka mekundu ya rangi ya tofali, ile nguo yao ya harusi ikiwa imekwisha chakaa. Watoto hufuata baadaye, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Mtoto utamjua kwa mgongo: kila unyoya una pindo jeupe, jembamba, limeshonwa sawasawa hata mimi fundi naliheshimu, na kifuani ana rangi ya chai ya maziwa. Kisha wako wa tatu, wa kijivu kitupu, ambao hawakwenda popote. Wengi wa hao walizaliwa kiangazi cha mwaka jana, na msimu mzima wa kusi wameushinda hapa Sabaki, wakati watu wanadhani vitwitwi wote wamekwenda zao. (Kusi hutuletea pia ndege wa Madagaska anayeruka kama mbayuwayu. Huyo nitamwandikia siku nyingine.)

Ndiyo maana anayetaka kumjua kitwitwi namwambia aanze na mdomo, kisha miguu, kisha mwendo, na rangi ya manyoya iwe ya mwisho, kwa sababu rangi hugeuka na mwezi. Mdomo mfupi ulionyooka, miguu myeusi, gramu 25 hivi: huyo ni mdogo wao. Mdomo uliopinda kwenda juu, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, mbio zisizokwisha: huyo ni mwingine kabisa.

Wapiga picha huniambia kwamba kiuno cheupe hakionekani mpaka ndege aruke, kwa hiyo lazima arushwe. Si kweli. Wiki mbili zilizopita nilimtazama mmoja akioga kwenye kidimbwi. Alijichovya mara tatu, akajitikisa, kisha akainua mabawa yote mawili kwa pamoja, akayashikilia juu kama mtu anayeanika shuka. Kiuno cheupe pee. Nikapata picha mbili, naye akaendelea kuoga.

Lakini siku ya maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, mwishoni mwa Agosti niliyaona mengine. Lilikuwa limebaki fungu moja la mchanga, na juu yake nilikwisha kuhesabu vitwitwi 214, wengi wamesimama kwa mguu mmoja, midomo imezamishwa mgongoni. Wakaja vijana watatu na kamera nzuri. Mmoja akavua viatu, akalikimbilia fungu huku akipiga makofi, wenziwe wakipiga picha. Ndege wakaruka, wakazunguka, wakarudi. Akawakimbiza tena. Mara ya tatu wakaelekea Mambrui, hawakurudi. Nikamwita, "Mwanangu, hao walikuwa wamelala." Akanijibu kwa adabu, "Mama, wasiporuka picha haina uhai."

Kijana hakuwa na ubaya, na pengine hakuna aliyewahi kumweleza. Udongo ule mwekundu unaobebwa na mto, tangu ukiitwa Athi huko juu na Galana kule Tsavo, ndio unaotandaza matope yetu, na chakula cha vitwitwi kimo ndani ya matope hayo. Maji yakipwa wanakula. Maji yakijaa meza imefunikwa, hawana la kufanya ila kulala na kutunza nguvu mpaka yapwe tena, usiku au mchana. Aliyefika juzi kutoka Siberia amebaki mifupa. Kila anaporushwa anaunguza mafuta ambayo hana pa kuyarudisha kwa saa kadhaa. Na huyu wa mdomo uliopinda, mwaka 2024 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimpandisha kwenye orodha yake ya viumbe walio hatarini, pamoja na ndege mwingine, wa kijivu mwenye makwapa meusi (kwa Kiingereza Grey Plover), ambaye naye tunaye hapa hapa Sabaki.

Naomba, Mhariri, gazeti lenu lisichape tena picha ya ndege waliokurupushwa, hata ikipendeza namna gani. Anayewaletea picha mwulizeni aliipataje, na siku aliyoipiga iandikwe chini yake.

Tena mtumeni mpiga picha wenu aje siku za bamvua, ambapo kwetu maji hujaa karibu saa kumi alasiri. Awe ameshafika darajani Sabaki saa nane, na atafute mwenyeji wa kumwongoza, maana viboko wapo. Akae juu ya alama ya maji, upande wa bara, jua liwe mgongoni. Akae chini kabisa, viwiko juu ya magoti ili upepo usimtikise, na asiinuke. Maji yenyewe yatawasogeza, hatua kwa hatua, wakichokora mpaka tope la mwisho lifunikwe. Juzi mmoja alinikaribia hata hakuenea tena kwenye kioo cha simu. Nilimpata kichwa na kifua tu, na tone la tope likining'inia kwenye ncha ya mdomo.

Binti wa mvuvi,
Mambrui