Mama aambiwe mapema: pale mkojo ukivuja, hakuna aibu

Mhariri,

Kila ifikapo Mei 23, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula, tunasoma habari za upasuaji, na ni vyema. Wanaosahaulika ni wale ambao tundu la fistula, lile linalobaki baada ya uzazi mgumu na kuvujisha mkojo, limezibwa vizuri lakini nguo bado zinalowa, pamoja na wengine wengi ambao hawajawahi kuugua fistula ila wakikohoa au kucheka mkojo unawatoka. Baadhi yao hupelekwa kwenye kipimo cha utendaji wa kibofu, na wapo wanaoingia chumbani wakiwa wameambiwa tu, "Mama, panda kitandani."

Nimekuwa muuguzi wa wodi za wanawake mpaka nikastaafu. Katika kipimo hiki mrija mwembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo, na mwingine mara nyingi kwenye njia ya haja kubwa ili kupima msukumo wa tumbo (huu wa pili ndio humshtua asiyeambiwa). Kibofu hujazwa maji ya chumvi polepole, naye mama anasema haja ya kukojoa inapoanza na inapombana. Anaambiwa akohoe. Mwisho anakojoa kwenye kiti chenye mashine, mirija ikiwa bado ndani.

Huyu ni mtu aliyeishi miaka akificha. Hanywi maji akiwa na safari, kanisani anakaa karibu na mlango, shughulini hachezi. Ukimwambia akohoe, atakohoa kooni tu huku amebana mapaja kwa nguvu zake zote. Ukimwambia akojoe mbele ya makoti meupe asiyoyajua, mkojo hautoki. Mashine itaandika hayo hayo, na daktari anaweza kutibu tatizo lisilokuwepo. Ndiyo maana nasema kumwandaa mama ni sehemu ya kipimo kama mirija ilivyo.

Siku anapopewa tarehe, sista amkalishe pembeni amweleze hatua zote, na zaidi ya yote amwambie waziwazi kwamba tunataka mkojo uvuje mbele yetu, ndipo tujue unavujaje. Aulizwe anataka nani awemo chumbani. Wanafunzi waombe ruhusa kwake mwenyewe, wasiombe kwa daktari. Aje na kanga na mtu wake wa karibu. Tena ajue kwamba akisema basi, mkono unasimama; wamo waliowahi kubakwa, na kuguswa sehemu ile kunawarudisha kulekule. Aambiwe pia kwamba mkojo unaweza kumchoma siku moja au mbili, anywe maji, na homa ikipanda arudi haraka.

Najua nitajibiwa kwamba foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Ni kweli. Ila dakika kumi za maelezo ni nafuu kuliko kumrudisha kupimwa upya mama aliyekuja Dar es Salaam kwa basi kutoka Lindi, tena bila kugusa maji tangu alfajiri.

Muuguzi mstaafu,
Tanga