Muda bora wa mzunguko mmoja unadanganya

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mbio za magari mtandaoni ilinifurahisha, ila ilipofika kwenye suala la kuongeza kasi, jibu likawa usukani mpya na pedali za bei mbaya. Mimi ni mhasibu, jioni huendesha iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, na nasema hivi: kabla hujatoa hata senti, fungua lahajedwali, lile jedwali la hesabu la kwenye kompyuta.

Mchezaji akitaka kujisifu hutaja mzunguko wake wa haraka kuliko yote. Mpwa wangu ndivyo alivyo. Pale Monza, njia ya mbio ya Italia yenye kilomita 5.793, kwa gari la GT3, aina ya gari la mbio lililotokana na magari ya kifahari ya barabarani, yeye ana dakika 1:48.2 na wangu bora ni 1:48.7. Hanisalimii bila kuutaja. "Shikamoo shangazi, ile arobaini na nane nukta mbili umeshaiona?" Lakini chukua mizunguko yake yote ya mbio, ipange kuanzia wa haraka hadi wa polepole: unaoangukia katikati ni 1:49.6. Wangu ni 1:49.1. Nusu sekunde hiyo ukiizidisha kwa mizunguko 15 unapata sekunde saba na nusu hivi, ndiyo maana shangazi anamaliza mbele. Fomula yake ni MEDIAN, inakaa kwenye seli moja. Wastani wa kawaida siupendi kwa kazi hii, kwa sababu gari likiserereka mara moja tu kwenye kokoto, hesabu yote inavurugika.

Nikamtengenezea jedwali lake. Kila mzunguko una mstari wake: tarehe, joto la njia, mafuta yaliyomo, muda wa kila kipande cha njia, muda wa jumla, na safu ya mwisho ya maneno. Mafuta msiyapuuze. Tangi likijaa gari ni zito, likipungua linakuwa jepesi huku matairi nayo yanachakaa, kwa hiyo mzunguko wa pili na wa kumi na mbili haulinganishiki hivihivi. Muda nao uandikwe kwa sekunde tupu, 108.302, kwa maana ukiandika 1:48 programu inaweza kuelewa saa moja na dakika arobaini na nane, na hapo fomula zako zinageuka vichekesho.

Safu ya maneno ndiyo iliyomuumbua kijana. Aliandika mwenyewe, mstari baada ya mstari: "breki imechelewa, Rettifilo." Hiyo ni kona ya kwanza ya Monza, mwisho wa njia ndefu iliyonyooka, ambako magari hushushwa kutoka kasi kubwa hadi mwendo mdogo. Siku breki ikikubali, anapata ule muda wake wa kujitapa. Isipokubali, anakata kona, na kipande cha kwanza kinakuwa kirefu kwa sekunde nzima. Usukani wa dhahabu usingemwambia hilo.

Kuna na pointi za makosa. Katika iRacing ukitoka nje ya njia unaandikiwa 1, gari likikushinda 2, ukimgonga mwenzako kwa nguvu 4, na alama yako ya usalama hupimwa kwa makosa hayo dhidi ya idadi ya kona ulizopita. Mimi nimeyapa safu yake, karibu na nafasi ya kuanzia na ya kumaliza. Mpwa wangu anaiita safu ya umbea. Sawa, lakini sasa anaijaza bila kusukumwa, na breki ya Rettifilo amekubali kuikanyaga mapema kidogo.

Ombi langu, Mhariri: ukurasa wenu wa matokeo ya michezo ya mtandaoni huchapa mzunguko wa haraka peke yake. Ongezeni safu moja pembeni, muda wa katikati wa kila dereva. Na tafadhali iwe desimali tatu. Hiyo moja mnayotumia inafanya madereva sita waonekane wamelingana.

Shangazi Mhasibu