Barua kwa rafiki asiyefika ukurasa wa nne

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliipeleka simu chumba kingine kwanza, maana niliona aibu kusoma malalamiko yako juu ya akili kutawanyika huku jicho langu moja liko kwenye kioo. Unasema kwamba ukifungua kitabu hufiki ukurasa wa nne kabla mkono haujaanza kuipapasa simu, na kwamba siku hizi unajiona umekuwa mvivu. Neno hilo silikubali. Mvivu haamki usiku wa manane kujibu ujumbe wa kikundi.

Hebu nikusimulie yaliyonikuta hivi karibuni. Nilikuwa nikijumlisha hesabu ndefu, simu nimeilaza kifudifudi mezani na sauti nimeizima, nami nikajiona mtu mwenye nidhamu kweli. Lakini kila ujumbe ulipoingia, mwanga mwembamba ulichungulia kwenye ukingo wa simu ukagusa meza, na papo hapo nikaacha kujumlisha nikaanza kukisia ni nani aliyeandika na anataka nini. Nilipofika mwisho nikakuta kiasi kimoja nimekiandika mara mbili, ikanibidi nirudie kazi ya saa nzima. Hakuna mlio uliosikika, wala simu sikuigusa hata kwa kidole. Kelele yote ilikuwa kichwani mwangu.

Tangu siku hiyo siamini tena kwamba kuzima sauti kunatosha. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha jaribio ambalo watu walipimwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, wengine simu zao zikiwa mezani, wengine mfukoni au mkobani, na wengine zikiwa chumba kingine. Walioziacha chumba kingine waliwashinda waliokuwa nazo mezani. Wengine waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo silishiki kama msahafu. Meza yangu mwenyewe imenitosha kuwa shahidi.

Kuhusu ile kauli yako ya “naangalia mara moja tu”, ambayo nami nimeitumia miaka mingi, tatizo si zile sekunde chache. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki nyuma, hasa kama ile ya kwanza hakuimaliza. Na ni lini uliwahi kuimaliza simu? Unarudi kitabuni, macho yanapita juu ya mistari, lakini moyo bado unabishana na mtu kule kikundini.

Ndiyo maana nasema usijilaumu kupita kiasi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliona zamani kwamba njiwa anayepata punje kwa kubahatisha, safari hii apate, safari ijayo akose, hudonoa kitufe kwa bidii asiyokuwa nayo yule anayejua punje itakuja lini. Nasi tunadonoa. Mara nyingi hakuna la maana, kisha siku moja inaingia habari njema, na hiyo moja inatosha kutufanya tudonoe wiki nzima.

Sasa ninachofanya ni hiki. Wakati wa kazi simu inakaa juu ya kabati la chumba cha pili, na arifa za programu zote nimezizima isipokuwa simu za kupigwa. Ujumbe nausoma mchana na jioni. Kuzima arifa kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa watu, kwa sababu tumezoeana kwamba tiki zikiwa za bluu na jibu halijaja, basi mtu amedharauliwa. Nililazimika kuwaeleza wa karibu, mmoja mmoja, kwamba mwenye la haraka anipigie. Wawili walininunia, kisha wakazoea.

Hata hivyo, mkono haukusahau mara moja. Siku za mwanzo ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, ukakuta patupu, nami nikahisi kama nimepoteza kitu. Nikaweka karatasi kando ya kitabu, na kila hamu iliponijia nikaandika nilichotaka kutazama: kama mvua itanyesha kesho, jina la mchezaji fulani, kama yule bwana amejibu. Baada ya saa moja nilikuwa na mistari kumi na moja, nikaipitia nikafuta tisa bila hata kuinuka kitini. Sikuwa nimetulia muda wote, usinielewe vibaya. Nilitangatanga mara kumi na moja na nikarudi mara kumi na moja. Mwanasaikolojia William James aliandika mwaka 1890 kwamba uwezo wa kuirudisha akili iliyotoroka, tena na tena, ndio mzizi wa busara na tabia ya mtu, nami nimefarijika kuona hakusema kwamba akili isitoroke kabisa.

Jaribu na hicho kitabu chako, kwa nusu saa tu kwanza, ukiwa na karatasi kando. Ukinijibu, niambie umefika ukurasa wa ngapi na karatasi ina mistari mingapi. Na kama una la haraka, nipigie, usiandike. Simu iko juu ya kabati.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote