Vita vya Hispania havikuwa vya wenyewe kwa wenyewe tu

Mhariri,

Nilisoma kwa makini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu vita vya Hispania vya mwaka 1936 hadi 1939 na wasanii walioviweka katika picha, na ninamshukuru mwandishi kwa kuwaletea wasomaji wa Kiswahili habari ambazo ni nadra kuzipata katika lugha yetu. Hata hivyo, lipo jambo moja lililonikera hata nikashika kalamu, nalo si kosa la tarehe wala la jina. Mwandishi ameyachukua maneno "vita vya wenyewe kwa wenyewe" kama yalivyo, akatuonyesha ndugu wawili waliopandwa na hasira mpaka wakauana, kisha akasema kwamba Guernica, mchoro mkubwa wa mchoraji wa Kihispania Pablo Picasso, ni kilio dhidi ya vita vyote, popote na wakati wowote. Chini ya picha ya mchoro huo mmeandika kuwa mji wa Guernica uliharibiwa na pande zilizokuwa zikipigana. Hapo ndipo tunapoachana.

Nianze na picha mliyoitanguliza, ya Francisco Goya, ya wanaume wawili wanaopigana kwa marungu huku miguu yao imezama ardhini hadi magotini. Goya aliichora ukutani nyumbani kwake mwanzoni mwa miaka ya 1820, zaidi ya karne moja kabla ya vita hivi, na Wahispania wenyewe wamezoea kuitumia kama nembo ya ugomvi wao wa ndani. (Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba watu wale walichorwa wakiwa wamesimama juu ya nyasi, na kwamba picha iliharibika ilipobanduliwa ukutani na kuhamishiwa kwenye turubai, huenda basi hata tope tunalolifasiri kwa maneno mengi si la Goya.) Ni picha ya kutisha na ya kupendeza kwa pamoja, lakini haina mtu wa tatu. Anayeitumia kuueleza mwaka 1936 amekwisha kuwafuta watu ambao bila wao kisa chenyewe hakisimuliki.

Uasi wa majenerali dhidi ya serikali ya Jamhuri, iliyotokana na uchaguzi wa Februari 1936, ulianza tarehe 17 Julai mwaka huo, tena ulianzia upande huu wa bahari, Afrika, katika mji wa Melilla na katika eneo la Moroko lililokuwa likitawaliwa na Hispania. Jenerali Franco, mmoja wa waasi hao na baadaye dikteta wa Hispania, alipanda ndege kutoka visiwa vya Kanari hadi Tetuán, Moroko, ili alichukue Jeshi la Afrika, yaani jeshi la Hispania lililokuwa Moroko, ambalo ndilo lililokuwa na askari waliozoea vita kuliko wote. Tatizo lake lilikuwa maji: mabaharia wa manowari nyingi walikataa kuwafuata maofisa walioasi, na bila meli askari wake wangebaki Moroko wakiitazama Hispania kwa mbali. Hitler akampa ndege za Junkers, Mussolini naye akampa zake, na maelfu ya askari wakavushwa juu ya mlango wa bahari wa Gibraltar. Kwa maoni yangu, pasipo ndege hizo historia ingeandikwa vingine.

Wengi wa waliovushwa walikuwa Wamoroko. Katika vita vile vyote makumi ya maelfu yao walipigana chini ya bendera ya Franco, wakiwemo vijana wa Rif, nchi ya milima ya kaskazini mwa Moroko ambayo jeshi lile lile la Hispania lilikuwa limeimwagia gesi ya sumu katika miaka ya 1920. Kijana ambaye shamba la baba yake limekauka na ambaye mtawala anamwahidi mshahara na chakula cha nyumbani haulizwi ni vita vya nani. Mwandishi wenu hakuwatengea hata sentensi moja, na mimi naona kwamba gazeti linalosomwa na Waafrika lingekuwa la kwanza kuwataja.

Wazee wetu walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani wa Hispania walijidai kufanya hivyo. Mwaka 1936 mataifa ya Ulaya yaliunda kamati mjini London ya kutoingilia ugomvi ule, na Ujerumani na Italia zilikuwa wanachama wake, zikihudhuria vikao huku ndege na askari wao wakiwa tayari viwanjani. Urusi ya Stalin nayo ilikuwa katika kamati hiyo huku ikiipelekea Jamhuri silaha na kulipwa kwa dhahabu. Uingereza na Ufaransa ziliyaona hayo yote na zikaendelea na vikao.

Sasa tuje Guernica. Alasiri ya Jumatatu, tarehe 26 Aprili 1937, siku ya gulio, ndege za Kikosi cha Condor cha Ujerumani pamoja na ndege za Italia ziliupiga mji huo mdogo wa Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, kwa muda wa saa tatu hivi, kwanza kwa mabomu ya kuvunja, kisha ya kuchoma. Idadi ya waliokufa ingali inabishaniwa: serikali ya Wabaski ilitaja watu 1,654, na wanahistoria wengi wa leo wanataja mamia machache. Lisilo na ubishi tena ni nani aliyefanya. Lakini wakati ule ofisi ya Franco ilitangaza kwamba hakukuwa na ndege yoyote, na kwamba Wabaski na wenzao wa mrengo wa kushoto waliuteketeza mji wao kwa mikono yao walipokuwa wakirudi nyuma. Wenyewe kwa wenyewe, kwa ufupi. Uongo huo ulifundishwa na kurudiwa kwa miaka mingi ya udikteta.

Aliyeukanusha kwa sauti iliyosikika mbali ni George Steer wa gazeti la The Times, aliyefika mjini usiku ule ule moto ukiwa bado unawaka, na taarifa yake ikachapishwa tarehe 28 Aprili. Mtu huyu alizaliwa Afrika Kusini, na mwaka mmoja kabla alikuwa Addis Ababa akiripoti uvamizi wa Italia nchini Ethiopia, kwa hiyo mambo ya ndege za Mussolini hakuyajifunzia Hispania. Habari na picha zilipofika katika magazeti ya Paris, Picasso, aliyekuwa ameagizwa na serikali ya Jamhuri kuchora kitu kwa ajili ya jengo la Hispania katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka ule, alianza michoro ya awali tarehe 1 Mei. Mapema Juni turubai la karibu mita 3.5 kwa 7.8 lilikuwa limekamilika.

Nakubali kwamba mwandishi wenu ana hoja: ndani ya mchoro hamna ndege wala bomu. Kuna fahali, farasi anayelia, mama aliyebeba mtoto mfu, askari aliyeanguka na upanga uliovunjika, na taa juu yao. Ukiondoa jina, waweza kuutundika popote. Lakini Picasso hakuliondoa jina. Aliuita kwa jina la mji ambao watawala wa Burgos na Salamanca, miji ya makao ya Franco, walikuwa wakisema haukupigwa na mtu, na jina hilo peke yake ni ushahidi uliotolewa mbele ya dunia. Baadaye serikali ya Franco ilitamani kuupata mchoro huo kutoka New York ulikokuwa umehifadhiwa. Picasso alikataa mpaka uhuru wa wananchi urudi Hispania, na alikufa mwaka 1973 kabla ya kuuona. Franco alikufa Novemba 1975, na mchoro ukafika Madrid Septemba 1981.

Sisemi kwamba Wahispania hawakuuana. Mshairi Federico García Lorca alipigwa risasi karibu na Granada Agosti 1936 na watu wa nchi yake, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Watu wa upande wa Jamhuri nao waliwaua mapadri na watawa karibu 7,000. Hayo yaandikwe yote, kila moja kwa jina la aliyelitenda.

Mwaka 1997 Rais Roman Herzog wa Ujerumani aliwaandikia manusura wa Guernica akikiri hatia ya marubani wa Kijerumani. Ikiwa yeye aliweza kulitamka hilo, naomba maelezo ya picha katika gazeti lenu nayo yasahihishwe, na yataje Kikosi cha Condor na jeshi la anga la Italia, waliotumwa kumsaidia Franco.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga.